Refa na Nyongeza Yangu ya Asali

Jamani, mimi leo nimehonga refa au sijahonga?

Asubuhi kaja mteja mgeni kwenye meza yangu ya asali hapa Mtendeni. Mpole, kanisalimia vizuri. Nikampimia, nikamwongezea kikombe. Nyongeza ya kawaida, kila mteja nampa!

Jioni niko uwanjani. Refa katunyima penalti ya wazi kabisa.
Nani kaanza kupiga kelele "Kanunuliwa huyo"? Mimi.
Jukwaa zima likanifuata.

Mapumziko, refa anapita karibu na uzio. Kaniona, katabasamu.
"Mama Asali! Asante kwa ile nyongeza!"

Kumbe ndiye yule mteja.
Macho yote kwangu.

Kipindi cha pili, mshambuliaji wetu kajiangusha mwenyewe, nimeona kwa macho yangu haya. Refa: penalti! Tumeshinda.

Sasa mashabiki wa timu ngeni ndio wanapiga kelele "Kanunuliwa!"

Mwenyekiti wetu wa mashabiki, mzee anayelaani rushwa ya marefa kila wiki, kanifuata mlangoni. Nikajua nasemwa.
"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Mechi ijayo mwongezee vikombe viwili."

Nijibuni basi. Meza nafungua kesho asubuhi.