Herufi za Serge zilikuwa na kona

Bado sikubali. Leo asubuhi nilipiga picha ya kibao cha saluni chenye herufi mbovu nimtumie Serge tukicheke, kama kawaida yetu. Kidole kilikuwa tayari juu ya jina lake ndipo nikakumbuka.

Homa ilimchukua hata kabla ndugu zake wa Lukafu hawajafika.

Wengi wenu hamkumjua, lakini kazi yake mmeiona. Ule mchezo wa simu wa pikipiki zinazokimbizana ndani ya Lubumbashi: kila neno mnalosoma pale, herufi zake alizichora yeye.

Alianza na karatasi ya hesabu yenye miraba, ndiyo maana kila herufi yake ilikuwa na kona kona kama ngazi. Anajaza kimraba kimoja kwa penseli, anarudi nyuma, anafinya jicho, anafuta. Kompyuta ilikuja mwisho. Nilimwambia kuna programu ya kumfanyia yote hayo. Akasema, "Programu haiko na macho, ndugu."

Herufi g ilimtesa. Mkia unataka kushuka, na kwenye kioo kidogo cha simu chini hakuna nafasi. Wengine wanaukata tu. Yeye aliinua herufi nzima, akaukunja mkia chini yake kama paka aliyeketi. "Iko mu jina yangu. Siwezi kuikata mukia."

Mchezo ulipotoka, tulikaa chumbani kwake, commune ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, tukacheza mpaka mwisho ili tuone majina ya waliotengeneza. Yalipita yote. Hata dereva wa patron, mwenye kampuni ya mchezo, alikuwemo. Serge hakuwemo.

Alienda kuomba aongezwe. Hakuomba kingine. Patron alimjibu mbele ya ofisi nzima: "Nafasi ilishaisha, Serge. Na tena alfabeti iko ya batu bote. Tumuandike na mwalimu wako wa première primaire, mwenye alikufundisha kuandika?"

Wakacheka. Serge alikuja kuniigizia, sauti ya patron na yote, naye akicheka. Sikumwona akichora tena.

Kwenye kilio, patron alileta bango kubwa: picha ya Serge, na chini yake jina lake na maneno "Mchoraji wetu mpendwa". Kumbe nafasi ilikuwepo.

Na jina lilikuwa kwa herufi zake mwenyewe! Ila mchapaji alidhani zile kona ni kasoro ya picha, akazilainisha zote. Zikawa kama sabuni iliyobaki bafuni.

Nilisimama niseme. Mama yake akanishika mkono. "Acha, mutoto yangu. Mu kilio hatugombanake."

Nikakaa. Nikamsikiliza patron akilia kwenye maikrofoni.

Sasa turubai limeshushwa na wageni wamerudi kwao, kwa hiyo ninasema. Patron, najua unanisoma. Weka jina la Serge mwishoni mwa mchezo. Bango litachakaa kwa mvua.

Jina kwenye msalaba wa kaburi lake nililipaka rangi mimi, kimraba kimoja baada ya kingine. Mama aliuliza mbona jina liko ngazi-ngazi.

"Ni mukono yake, mama."

Akapitisha kidole juu ya ile g, polepole, mpaka mwisho wa mkia.

Lala sasa, ndugu yangu. Pale ulipo, kona zako zote zipo.