Ngazi Kumi na Tisa za Kwenda kwa Mungu

Siku nilipovunjika mkono kanisani, watu walipiga makofi.

Sikudanganyi. Niko kifudifudi kwenye vigae, mdomo umejaa damu, mfupa umeshalia kaa!, na watu wanashangilia. Walidhani ndiyo upako wenyewe umeshuka.

Naitwa Yaa Dufie. Ni msusi, hapa hapa Bantama, Kumasi, Ghana. Polio ilinipata nina miaka mitatu, tangu hapo natembelea kiti cha magurudumu. Nina wateja wangu, nina vyumba vyangu viwili, namwamini Mungu. Hapo sina shida.

Shida ilianza kanisa lilipohamia ghorofani.

Zamani tulisali chini ya turubai. Kisha mchungaji wetu, Osofo Nkansah, akapata ukumbi juu ya maduka ya vitambaa. Una feni, una vigae vinavyong'aa. Na una ngazi kumi na tisa.

Nazijua kwa idadi, maana miaka miwili vijana wanne walinipandisha mimi na kiti changu kama watu wanaohamisha friji.

Kiongozi wao ni Okyere, fundi magari. Kila tukifika juu anahema, ananiambia, "Dada Dufie, punguza kula fufu."

"Wewe ongeza msuli," namjibu.

Tulikuwa tunacheka, lakini mimi kila Jumapili roho ilikuwa mkononi. Nilimwomba Osofo mara tatu atafute chumba cha chini. Mara zote tatu alitabasamu. "Dufie, ya nini kuhangaikia ngazi? Siku si nyingi utazipanda mwenyewe kwa imani."

Basi akamwalika nabii kutoka Accra.

Jamaa kavaa suti nyeupe, viatu vimechongoka mbele. Mimi nimekaa zangu nyuma kabisa, sijaomba kitu. Akaninyooshea kidole.

"Wewe! Leo hicho kiti utakiacha hapa!"

"Asante baba, mimi niko sawa."

Nani asikilize? Wahudumu wawili wakanisukuma hadi mbele. Nabii akanishika kwapani.

"Simama!"

"Niache!"

"Hilo ni pepo linaongea! Simama!"

Akaninyanyua. Akaniachia.

Nilianguka mzima mzima, mkono wa kulia ukatangulia. Alipoona siamki, akachukua kipaza sauti akasema mbele ya wateja wangu wote: "Bwana alikuwa tayari. Huyu dada hana imani."

Kisha akamwita mwingine.

Hospitali wakanifunga plasta ya wiki sita. Msusi bila mkono wa kulia, unaelewa maana yake? Wateja wakahamia kwa wasusi wengine. Nikawa nakula kenkey, donge la unga wa mahindi, na pilipili tu, asubuhi na jioni.

Kilichoniuma zaidi ni wale waliokuja kunipa pole.

"Dufie, funga siku tatu."

"Dufie, jichunguze, una kinyongo na nani?"

Wanakaa kwenye viti vyangu, wanakunywa maji yangu, wananitazama kama mtu aliyewaharibia sherehe.

Wiki ya pili akaja Osofo mwenyewe na mkewe, Maame Birago, ambaye nimemsuka miaka sita. Mama wa watu hakuinua macho. Osofo akakohoa.

"Mwanangu, usimlaumu mtumishi wa Mungu. Yesu alimwambia yule mama aliyetokwa damu, imani yako imekuponya. Yako. Sasa jiulize yako iko wapi."

Wiki mbili nilikuwa sina kazi zaidi ya kusoma. Nikavuta Biblia kwa mkono wa kushoto, nikamtupia mapajani.

"Marko, sura ya pili. Yule aliyepooza alipelekwa na nani?"

"Watu wanne."

"Walipokuta mlango umejaa, walifanyaje?"

"Walitoboa paa, wakamshusha."

"Haya, mstari wa tano. Yesu aliona imani ya nani?"

Akasoma kimoyomoyo.

"Soma kwa sauti, Osofo. Nimevunjika mkono, masikio ni mazima."

"Imani... yao."

"Yao! Waliombeba! Mgonjwa hakuulizwa ana imani kiasi gani, alikuwa amelala tu kwenye mkeka wake! Wale walibomoa paa la nyumba ya mtu, ninyi kutafuta chumba cha chini kumewashinda. Halafu mimi ndiye sina imani?"

Osofo akasimama. "Umekuwa na kiburi."

Akatoka. Mkewe akabaki mlangoni, macho yamelowa, kama mtu mwenye neno kooni. Mumewe akamwita kwa nje. Akaondoka bila kulisema.

Jumapili iliyofuata Okyere na wenzake wakanikuta chini ya ngazi.

"Tupande, dada?"

"Leo sipandi. Nasalia hapa hapa."

Watu wakawa wanapita kwa kujibana. Mhudumu mmoja akanikaripia, "Unaziba njia, Dufie."

"Mimi? Ninyi mmeiziba miaka miwili!"

Okyere akanitazama, akatazama juu ambako ngoma zilikuwa zimeanza, akakaa kwenye ngazi ya kwanza. Wenzake watatu wakakaa pia. Nikaanza wimbo. Sauti yangu si nzuri, na nilikuwa na hasira, kwa hiyo ulitoka kama ugomvi.

Baada ya muda ngoma za juu zikanyamaza. Osofo akashuka hadi katikati ya ngazi, kipaza sauti bado kiko mkononi.

"Dufie, hasa unataka nini?"

"Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza. Miguu sijaomba, Osofo. Naomba mlango."

Kabla hajajibu, teksi ikasimama. Akashuka Maame Birago. Akafungua mlango wa nyuma, akamshika mtu mkono.

Alikuwa Nana Afrakoma, mama mzazi wa Osofo.

Miezi minane tulikuwa tumeambiwa yuko Sunyani kwa dada yake. Sasa yuko mbele yetu, mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto unaning'inia.

"Birago, mrudishe nyumbani!" Osofo akasema.

"Simrudishi!" Maame Birago akamshikilia mkwewe kwa nguvu. "Nimechoka kudanganya. Mama hajaenda Sunyani. Alipata kiharusi, tukamfungia chumba cha nyuma. Eti watu watasema nini, mchungaji anaombea wagonjwa na mama yake hajapona!"

Kipaza sauti cha Osofo kilikuwa bado kimewashwa. Kila neno lilisikika juu. Nikainua macho nikaona vichwa vimejaa kwenye ukingo wa ghorofa.

Okyere akaenda dukani akaomba kiti. Wakamkalisha bibi pembeni yangu. Akaupapasa mkono wangu wenye plasta, akaongea polepole, maneno yanamtoka kwa shida.

"Binti yangu, miezi minane nilidhani Mungu amehamia ghorofani."

Osofo akakaa pale pale alipokuwa amesimama, akafunika uso.

Usidhani aliniomba msamaha pale pale. Aliniomba baada ya mwezi, tena kwa simu. Nabii hajapiga mpaka leo.

Sasa tunasali chumba cha chini, karibu na mashine ya kusaga mahindi. Kuna joto, kuna kelele, na nusu ya waumini wamefuata feni kwingine. Mkono wangu uliunga vibaya, nasuka mabutu makubwa tu, zile rasta nyembamba nimeziacha. Nana Afrakoma hajapona. Mimi sijapona. Ila kila Jumapili bibi yuko kiti cha mbele na anaimba, maneno yamepinda, kwa sauti kubwa kuliko sote.

Hasira yangu haijaisha, na siombi iishe.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, siku ukitaka kumwambia mgonjwa kwamba hana imani, jiulize kwanza: nimembeba? Nimebomoa nini ili apite?

Kama hujabomoa kitu, funga mdomo wako.