Mstari Mmoja wa Shemeji

Mgeni alifika kitengo cha kompyuta cha hospitali na begi begani, akamkuta mama mmoja ameikazia macho kompyuta. Ndiye mkaguzi wa kiini cha programu inayoendesha mashine za wodini, na marekebisho ya fundi aliyeketi kando yalingoja idhini yake.

"Mstari mmoja tu wa msimbo, shemeji," fundi alibembeleza. "Kumbukumbu ya kompyuta haivuji tena; kila nafasi iliyoazimwa inarudishwa. Nimejaribu mara mia."

"Kwenye kompyuta yenye kumbukumbu tele! Programu ikinyimwa nafasi je?" mama alihoji.

Kama kawaida yake, mkaguzi aliiamuru mashine ya majaribio iikatalie programu ombi la pili la kumbukumbu. Ikaganda papo hapo. Mstari ule ulikuwa unarudisha nafasi ambayo haikupatikana kamwe.

"Dada yangu ulimpata kirahisi," alisema akibeba mkoba wake. "Idhini yangu huipati."

Akaondoka. Mgeni akabaki na fundi, wakiitazama mashine iliyoganda.