Jina la Kumi na Sita

Watu wa ligi walikuja nyumbani Jumanne na karatasi yao. Wameandika maisha yangu: avoka wa korti, mbunge wa jimbo mara mbili, mtu wa mpira, baba wa jamaa kubwa. Kurasa mbili nzima! Jumapili wataisoma uwanjani, kisha jukwaa jipya litapewa jina langu, kwa sababu ya ile mechi ya wakati wa vita. Mkubwa wao akaniuliza, "Onorabule, iko kitu tumesahau?" Nikasema hapana. Nimechoka, jamani. Hata kusifiwa kunanichosha siku hizi.

Kipo kitu wamesahau, ila si kosa lao, hawakijui. Niliyemuogopa ni muntu mmoja tu: shemeji yangu, mjane wa mukubwa wangu, kaka yangu wa tumbo moja. Anakaa kwangu tangu vita viishe. Jumapili angeketi mstari wa mbele, anisikie nikishangiliwa kwa mechi iliyomfanya mjane. Nilipaswa kumwambia mwenyewe, kabla ya Jumapili, au ninyamaze mpaka nife.

Nieleze ilivyokuwa. Kindu iko pande mbili za mto. Mimi nilikaa upande wa stesheni. Mukubwa wangu, mke wake na watoto wao walikaa ng'ambo, Alunguli. Vita vilipotubana, wenye bunduki wa aina moja walishika upande wetu na wa aina nyingine wakashika ule. Kuvuka kukakatazwa. Gari moshi halikuja tena, chumvi ikawa kitu cha kuhadithiwa, na wanawake waliogopa kwenda shamba. Tulikula muhogo na sombe, majani yake yale yale, bila mafuta, kesho yake muhogo tena. Asubuhi nilikuwa nateremka mtoni kutazama paa la nyumba ya kaka yangu, basi, narudi. Kulitazama niliweza, kulifikia sikuweza.

Korti ilifungwa, mimi nikabaki na mpira tu. Nilikuwa kiongozi wa ligi tangu zamani, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukagua lisansi, ile kadi ya mchezaji yenye jina na picha. Timu za hapa kwetu, mkizicheka mtazicheka kwa haki: zilikuwa zinaleta wachezaji wa kuazima kutoka Kailo, kutoka Punia, wanawavisha lisansi ya muntu mwingine, na picha haifanani hata pua. Mimi niliwakata. Walinichukia, wakaniogopa, na mimi nikaona fahari. Karatasi ya mechi ikipita mkononi mwangu ilikuwa safi, kila muntu Kindu alilijua hilo.

Basi nikaenda kwa komanda wa upande wetu, nikamwomba mechi moja na vijana wa Alunguli. Nilikwenda mara tano. Mara ya tano alicheka, akakubali, akapatana na wenzake wa ng'ambo. Watavuka wachezaji kumi na mmoja, wa akiba watano, na mwalimu mmoja. Majina yaandikwe, mimi niweke sahihi. Alisema na neno moja ambalo nililishika vizuri sana: wakishavuka, atakayetaka kubaki kwa ndugu zake upande huu, abaki.

Karatasi ya Alunguli ililetwa na mwenye mtumbwi, siku mbili kabla ya mechi. Nikaisoma kwa kidole, kama kawaida yangu. Jina la kumi na sita, golikipa wa akiba, lilikuwa la mukubwa wangu.

Mukubwa wangu! Muntu wa kitambi, goti bovu, hajagusa mpira tangu shule ya msingi. Nilielewa mara moja, sikuwa mjinga. Alitaka kuvuka, akishafika kwangu tutafute namna ya kuvusha na mke na watoto. Na mimi nikachukua kalamu nikamkata. Hana lisansi. Nikaandika jina la kijana mmoja golikipa wa kweli, nikaweka sahihi, karatasi ikarudi ng'ambo.

Miaka mingi nimejitetea kwamba niliogopa komanda, kwamba angegundua uongo akatuua wote. Uongo mtupu. Komanda hakujali nani ni golikipa. Nilimkata kwa sababu nilizoea kukata. Niliona aibu karatasi yangu ichafuke, na ndugu yangu nikampa salamu kwa mwenye mtumbwi: angoje mechi ya pili.

Mechi ilichezwa, ikaisha bao moja kwa moja. Watu walilia kwa furaha, walikumbatiana, mama mmoja alimkuta mtoto wake kati ya wachezaji wa Alunguli akamshika shati hakumwachia tena. Nilibebwa mabegani. Mechi ya pili haikuwepo. Mwezi haukuisha, ng'ambo kuliwaka moto, na mukubwa wangu akakimbia na jamaa yake kwa miguu porini, njia ya kwenda Kama, kwenye machimbo. Huko homa ilimuua. Walimzika na majembe ya wachimba zahabu.

Mto ulipofunguliwa, mjane alivuka na watoto wanne, akaja moja kwa moja mlangoni kwangu. Nikawasomesha kama wangu. Nilipogombea, alipita mtaa kwa mtaa akiniombea kura. "Shemeji yangu anapenda jamaa," aliwaambia watu, na mimi nilikuwa naangalia chini.

Alhamisi mchana nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikavuta kiti. Nikasema yote bila kupamba, mimi niliyepamba maneno kortini maisha yangu yote. Hakuacha kupepeta.

"Shemeji," akasema, "mimi njo nilimuambia aandike ile jina. Yeye alikuwa anakataa. Asubuhi ya mechi kapiteni wa timu alituonyesha karatasi. Tuliona jina imekatwa, na sahihi yako chini."

Nikauliza, "Ulijua?"

"Tulijua wote wawili. Alicheka, maskini. Alisema, mudogo wangu hajui kudanganya. Kisha akaanza kufunga mizigo."

"Sasa kwa nini ulikuja kwangu? Kwa nini hukuenda kwa wengine?"

Ndipo akaweka ungo chini. Hakuwa na hasira, na hiyo njo iliniumiza.

"Kwa nani, shemeji? Watoto walikuwa na njaa."

Nililia pale uani, mzee mzima. Hakunibembeleza, na hakunifukuza. Aliniacha nimalize, akaniambia kwamba Jumapili nitakwenda uwanjani, nitawazuia wasisome ile karatasi, nitataja jina la mume wake mbele ya watu, na nitasema nani alilikata.

"Na jukwaa?" nikauliza.

"Waulize ligi waandike jina gani," akasema. "Lakini mume wangu alikuwa golikipa wa akiba. Wewe hukuchezea timu yoyote."