Siku Niliyowakimbia Wazimamoto

Juzi mwanangu karudi shule kalowa chapachapa, anacheka mwenyewe. Kumbe watu wa zimamoto walikwenda kuwafundisha namna ya kuzima moto, wakawapa watoto mpira wa maji washike kwa zamu. Akaniambia akikua na yeye atakuwa zimamoto. Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Nikamwambia haya, vua shati ukalianike, nikaendelea kuukanda ule unga uliokuwa umeshalainika zamani. Mwenzangu, kuna neno unalisikia kila siku na bado linakurudisha mbali.

Siku hizi lenyewe halina makali. Watoto wa mtaani wanasema faya. Ofisini kwetu kazi ya dakika za mwisho tunaiita ya zimamoto, na mwanafunzi anayefungua daftari usiku wa kuamkia mtihani anasoma zimamoto. Lakini nyumbani kwa bibi, Temeke, nilikolelewa mpaka darasa la nne, neno hilo lilikuwa halitajwi hovyo. Bibi alitokea kusini, na alikokulia yeye wazimamoto walikuwa si watu wa kuzima chochote. Walikuwa wakamata watu. Alitusimulia huku anachambua mchele, sauti imepoa kabisa, kwamba wanakuvuta shimoni, wanakuning'iniza kichwa chini miguu juu, damu yako inakingwa kwenye ndoo ikauzwe. Unadhani gari lao jekundu bure? Ukichelewa dukani, wazimamoto. Ukikataa kuoga, wazimamoto. Mie alikuwa ananiita mke mwenzangu, kwa vile babu alikuwa hali mpaka nikae pembeni yake, na agizo lake kwangu lilikuwa moja: wakikuuliza kitu usijibu, kimbia.

Nisimfanye bibi akaonekana mtu mbaya. Nyumba ile niliipenda. Babu alikuwa mchonga vinyago, na asubuhi nzima unaisikia tezo yake uani, ko, ko, ko, mie nikiokota vipande vya mpingo na kuvipeleka jikoni, bibi akaangie samaki. Mpaka leo nikisikia harufu ya mpingo njaa inaniuma.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mama fundi, mshonaji, mwanamke wa bara aliyejenga vyumba viwili kwa cherehani yake, bila mume wala ndugu. Kila Januari sare za shule za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Alikuwaga na futi kamba shingoni na pini mdomoni, anakupima kiuno huku anakutania kwamba umenenepea ugali wa majirani. Ukitulia bila kujinyonganyonga, anakupa peremende kutoka kwenye kopo la vifungo.

Januari moja, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, saa nane mchana, pasi yake ya mkaa ilidondosha cheche kwenye lundo la vitambaa. Alikuwa katoka mara moja uani. Kurudi ndani, pazia linawaka. Mtaa mzima tukatoka na ndoo, na wengine na mchanga kwenye masufuria, lakini bomba lilikuwa siku ya tatu halitoi, na madumu ya majumbani yakaisha upesi. Mwalimu aliyekuwa mpangaji wetu, mmoja wa watu wawili watatu wenye simu, akawapigia zimamoto. Akasema wanakuja, ila mtaa wetu hawaujui, lazima mtu akawangojee barabarani. Mama fundi akageuka, akaniona mie.

"Kimbia, mwanangu. Wakija, walete huku."

Nikakimbia. Najua utaniuliza, nilikuwa najua ninaowangoja ni nani? Nilijua. Nilijiambia nitawaonyesha njia kwa mkono, kwa mbali, halafu nitimke. Nikasimama karibu na magunia ya muuza mkaa, jua la utosi.

Wakaja upesi. Gari likasimama mbele yangu, akashuka mwanamume mwenye mabuti ya kufika magotini, akainama mpaka uso wake ukalingana na wangu.

"Mtoto mzuri, moto uko wapi?"

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, maana bibi alisema ndivyo wanavyoanza. Hata shikamoo ilinikwama. Nikauona ule mpira wao mrefu umeviringishwa, nikajua damu inapitia humo. Mkono haukunyanyuka. Nikageuka, nikajibanza nyuma ya magunia, nikafumba macho. Aliniita mara mbili. Halafu nikalisikia gari linaondoka kwenda mbele.

Moshi waliuona, njia ndiyo hawakuijua. Wakaingia kichochoro cha pili, kikawabana, ikabidi warudi kinyumenyume, wakazungukia nyuma. Wanafika, bati zimeshaanguka. Wakamwagia maji kuta. Watu wakawazomea, mmoja akasema wamekuja kuzima majivu. Yule mwanamume jasho linamtoka, akatazama huku na huku, akaniona mie, niliyekuwa nimesharudi mbio nyumbani, nimejificha kwenye kanga ya bibi. Alinitambua, wallahi alinitambua. Akageuka, akaendelea kuviringisha mpira wao. Mama fundi alikuwa kakaa chini mchangani, futi kamba bado shingoni.

Jioni ile bibi akaniogesha uani kunitoa masizi ya mkaa. Akaniuliza kama waliniuliza. Nikasema waliniuliza. Akauliza kama nilijibu. Nikasema sikujibu. Akachota maji kwa kopo.

"Afadhali, mke mwenzangu," akasema, akanimwagia maji kichwani.

Siku ya tatu mama fundi akapita kuaga. Alikuwa anakwenda Ubungo kupanda basi arudi kwao, na furushi la nguo za kupewa na majirani. Akamwomba bibi radhi kwamba kitambaa cha sketi yangu nacho kiliungua. Mtu nyumba imeteketea, anaomba radhi ya sketi! Halafu akanishika shavu, akasema huyu mtoto ndiye aliyenisaidia, alisimama juani peke yake kuwangoja wale watu, Mungu atamlipa. Bibi akatazama chini. Mie nikaitikia amina.

Bibi alitangulia mbele ya haki, na babu pia. Pale palipokuwa na nyumba zetu sasa pana ukuta wa godauni, na tezo huisikii, cherehani huisikii. Bibi sijui kama namlaumu. Na yeye alitishwa akiwa mdogo, akatupa sie alichopewa. Mama fundi nimemtafuta. Majirani wa zamani waliohamia Tabata wote wanamkumbuka, na hakuna anayejua alikokwenda wala jina lake hasa, maana hakuna aliyewahi kumwita jina. Wanachokumbuka vizuri ni zimamoto. Kila tukikutana msibani au harusini lazima mmoja aianze ile hadithi, jinsi walivyochelewa, na wote wanacheka na kutikisa vichwa. Mie natazama sahani yangu. Hawakuchelewa.