Pindo la Kikwembe cha Mheshimiwa

Katika kazi ya kushona Mama Evodie alikuwa na sharti moja tu: kitambaa cha mtu hakikatwi bila sababu. Mwanamke akimletea kikwembe, kama wanavyoita kitenge huko, alimshonea gauni au blauzi, na kilichozidi alikikunja ndani ya pindo, upana wa vidole vinne, kikalala humo pamoja na ukingo wake, ule ukanda mweupe wa pembeni. Mwanamke anaweza kunenepa. Anaweza kushika mimba. Anaweza kumwachia gauni binti aliyemzidi urefu. Kule Nyunzu, alikofundishwa kazi na mama yake, fundi aliyekata ukingo na kuutupa alihesabiwa mwizi kama wezi wengine.

Nyunzu aliondoka mwaka ule vita vilipochoma mtaa wao. Alitembea kando ya reli na watoto wawili, mkasi ukiwa umefungwa kiunoni. Kalemie ilimpokea chini ya turubai, akaishi hapo miaka mitatu, mpaka akapata kiwanja mlimani. Matofali alifyatua mwenyewe, akayachoma mwenyewe. Ikasimama nyumba ya vyumba viwili na baraza inayotazama ziwa. Tangu hapo hakuomba kitu kikubwa. Aliomba asihamishwe tena.

Kisha wakaja watu wenye vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu, wakavichomeka katika viwanja vya watu, kimoja katikati ya mboga zake. Walisema chini ya mlima kuna makaa ya mawe, na kampuni iitwayo Somaluki inayataka. Kilichobaki ni sheria. Mkoani ilikuwa ikiandaliwa sheria ya kukodisha madini yaliyo ndani ya mipaka ya mji: kampuni ikishapata mkataba, wenye viwanja wangepewa miezi mitatu wafungashe. Kukodisha! Mtu hukodisha nyumba yake. Akikodisha ya jirani, naye jirani bado anapika ndani, hilo lina jina lingine, na kila mtu mlimani alilijua.

Aliyeileta sheria hiyo ni Mheshimiwa Mwamba, mbunge wao wa mkoa, yule yule ambaye mlima mzima ulimpigia kura. Wakati wa kampeni aligawa vikwembe vya kijani vyenye picha ya uso wake, na kazi yote ya kuvishona akampa Mama Evodie. Pamoja na kazi akampa mashini mpya ya kushona, ya kukanyaga kwa miguu, na meza yake. Mama Evodie alimwombea kwa Mungu akimtaja kwa jina, wala hakuona aibu. Aliyewahi kushona kwa sindano ya mkono chini ya turubai anajua mashini ni kitu gani.

Siku ya Jumanne, asubuhi, Christophe alipanda mlima. Ndiye aliyetumwa na Mheshimiwa kila mahali, kijana wa mtaa uleule, viatu vyake siku hizi haviguswi na vumbi.

"Jambo, Mama Evodie. Mashini inatembea muzuri?"

"Inatembea. Umeleta suruali, ao umekuja kuisalimia?"

Christophe akacheka, akakaa bila kukaribishwa. "Alhamisi kuna kikao cha kusikiliza raia, pale kwenye sale ya parokia. Mheshimiwa anataka wamama wote wavae kikwembe chake. Wote. Wakae mbele, wapige makofi."

"Tumupigie makofi atufukuze?"

"Nani anakufukuza, Mama? Utapewa kiwanja kingine, ngʼambo ya mto Lukuga. Kikubwa kuliko hiki." Akaegemea mashini, akaipapasa kama mtu anayepapasa mbuzi wake. "Ukumbuke tu hii ilitoka wapi." Kisha, kama jambo dogo lililomjia kichwani: "Na vile vipande vya ukingo, vya vile vikwembe. Ulivitupa wapi?"

"Vipande gani?"

"Si mafundi munakata ukingo? Vilivyobaki. Mimi ninavitaka."

"Hakuna vipande, Christophe. Hata kimoja."

"Hata kimoja? Kweli?"

"Ingia uangalie."

Aliingia kweli. Alipekua sanduku, akainama chini ya meza, akatoka akipangusa mikono na uso umemngʼaa. "Muzuri sana, Mama. Muzuri sana." Akateremka akipiga mluzi.

Mama Evodie alibaki amesimama na mkasi mkononi. Mtu wa Mheshimiwa ana haja gani na vipande ambavyo mafundi hufutia mafuta ya mashini? Akafunga mlango, akatoa blauzi yake ya kijani, akafumua pindo. Ukingo ukakunjuka, mweupe, wenye herufi ndogo nyeusi. Siku zile za kampeni alikuwa anashona mpaka macho yanavimba. Nani angesoma ukingo? Kiwanda huandika pale jina la aliyeagiza mzigo. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi: *Oda ya Somaluki, kampeni ya Mh. Mwamba.* Baada ya urefu wa mkono, tena. *Oda ya Somaluki.*

Akakaa sakafuni.

Jioni ya siku hiyo alimwendea jirani yake Mama Mouna, kiongozi wa kikundi cha wamama, mwanamke Mwislamu ambaye babu zake walifanya biashara ziwani kabla mji haujapata reli. Mama Mouna alisoma, akarudisha kitambaa kama kinachoungua.

"Unajua kuna nini ndani ya ile sheria?" akasema. "Wale wabunge vijana waliingiza kifungu kimoja. Aliyepokea zawadi ya kampeni kutoka kwa kampuni inayoomba mkataba hapigi kura, na sheria aliyoileta inarudishwa. Alhamisi Mwamba ataulizwa mbele ya wote."

"Atasema ukweli?"

"Huyu?" Mama Mouna akacheka bila furaha. "Huyu atakuapia kwamba hata uso ulio kwenye kikwembe si wake."

"Tuambie wengine?"

"Ukiambia wengine leo, kesho Christophe atapita na mkasi nyumba kwa nyumba. Nyamaza." Akamtazama. "Lakini Evodie, mashini wataichukua. Ulijue hilo kabla hujafungua kinywa."

Jumatano Mama Evodie alikaa kazini tangu asubuhi. Alikanyaga mashini na kuisikiliza inavyokwenda, tik-tik-tik, sauti iliyowalipia watoto minerval, ada ya shule, kila mwaka. Alitoka nje, akakitazama kijiti chekundu katikati ya mboga. Akarudi ndani, akakanyaga tena.

Alhamisi ukumbi ule, sale ya parokia, ulijaa. Wamama wa kijani walikaa mbele safu kwa safu, uso wa Mheshimiwa ukitabasamu kwenye kila kifua na kila nyonga. Kikao kiliongozwa na mbunge mmoja mkongwe, Mama Jeannette, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikisoma kifungu kile polepole, kisha akauliza: "Mheshimiwa Mwamba, umewahi kupokea kitu kutoka Somaluki?"

Mwamba akasimama, mkono kifuani. "Hata kofia sijapokea. Hivi vikwembe munavyoona nilivinunua mwenyewe, kwa jasho langu, kwa sababu ninawapenda hawa mama zangu!"

Makofi yakalipuka. Mama Evodie hakupiga. Christophe alikuwa ukutani, hatua tano kutoka kwake. Mama Evodie akainua mkono.

"Mimi si muntu wa sheria," alisema. "Mimi ni mushonaji. Hivi vikwembe vyote nilishona mimi. Wamama, ninawaomba. Fumueni pindo la chini. Musome."

Hakuna aliyejongea. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Huyu amelewa?" Mwamba akatabasamu kwa huruma. "Mama huyu amechoka, mumusaidie atoke." Christophe alikwisha kumfikia, akamshika juu ya kiwiko, vidole vikazama nyamani. "Kaa, Mama," alinongʼona. "Ulisema hakuna vipande!"

"Hakuna. Sikukata."

Uso wa Christophe ukapauka kama unga wa muhogo. Akageuka kuzitazama zile safu za kijani, gauni baada ya gauni, na ndipo vidole vikalegea.

Mama Mouna alikuwa ameshainama. Alilivuta pindo la gauni lake refu hadi mdomoni, akakata uzi kwa meno, akavuta. Krrr. Sale nzima ilisikia. Ukingo mweupe ukamwanguka miguuni. Mama Jeannette akateremka jukwaani, akashika kitambaa, akasogeza miwani, akasoma kwa sauti. Kisha krrr nyingine, na nyingine, mpaka safu zote zilikuwa zinachanika kama mvua inayoanza kwenye mabati, na wanawake waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na jina lilikuwa lilelile.

Mwamba alikuwa bado amesimama. Mkono wake ulikuwa bado kifuani, alisahau kuushusha.

Sheria ilirudishwa ilikotoka, na yeye akazuiwa kuipigia kura. Haikufa. Makaa bado yako chini ya mlima, na Somaluki ina fedha za kununua vikwembe vingine na safari hii itakumbuka kukata ukingo. Lakini mwaka huo hakuna aliyefungasha, na kijiti chekundu Mama Evodie alikingʼoa kwa mikono yake, akakichochea motoni chini ya sufuria ya mboga ya sombe.

Mashini waliichukua Ijumaa, kabla ya saa tatu. Christophe hakumtazama usoni. Wabebaji wawili waliiteremsha mlimani, meza na vyote, na Mama Evodie alisimama barazani akawasindikiza kwa macho mpaka walipopotea kwenye kona. Hakulia mbele yao. Alilia walipokwenda.

Alipofuta uso akakuta Mama Mouna ameketi kwenye ngazi, na nyuma yake wanawake kumi na zaidi, kila mmoja na gauni la kijani lenye pindo lililochanika. Mama Evodie akaingia ndani, akatafuta sindano ya mkono, ile ya siku za turubai, akatunga uzi.

"Nikunje kama mwanzo?" aliuliza.

"Hapana," Mama Mouna akasema. "Ukingo uache nje."