Glasi ya Maji ya Yoshie

Wapendwa, nimeombwa niseme kwa kifupi, na wanaonifahamu wanajua hilo ni ombi gumu. Sauti yangu ina mikwaruzo, mnivumilie. Kabla ya upasuaji niliimba sauti ya kwanza katika kwaya hii hii. Sasa nimekaribia kuhamia upande wa wanaume.

Naitwa Atupele, kwetu ni Tukuyu. Nimeajiriwa na kampuni ya usafi, na ninalala Dubai Investments Park, chumba kimoja na wenzangu watano. Kila asubuhi kampuni hunileta hapa Bur Dubai kusafisha nyumba ya madam mmoja Mjapani anayeishi na mama yake. Mama huyo amepita miaka themanini. Mimi humwita Bibi, na yeye ameshazoea.

Uvimbe ulianza upande wa kushoto wa shingo, mdogo kama punje ya hindi. Haukuuma. Kwetu milimani rovu si kitu cha kushangaza. Mama yangu alikuwa nalo, shangazi alikuwa nalo, na shuleni tulifundishwa kwamba dawa yake ni chumvi yenye madini joto. Basi nikala chumvi. Nilikula chumvi mpaka Mwikali, Mkenya anayelala kitanda cha chini yangu, akaniuliza kama ninapika au ninakausha samaki. Uvimbe ukazidi kukua. Ugali ukawa unakwama kooni. Nikaanza kufunga kitambaa shingoni ili msimamizi asione, maana niliogopa kurudishwa nyumbani.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane nilikuta glasi ya maji kwenye dirisha la sebuleni, imejaa hadi juu. Mtu wa usafi akiona maji yamelala, huyamwaga. Nikayamwaga, nikaosha glasi, nikaifuta ikang'aa. Bibi alipotoka chumbani na kuona pale dirishani patupu, alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akakaa sakafuni.

Nikapiga magoti. "Sorry, Bibi, sorry." Nikalia naye bila kujua tunalia nini. Nikavua kitambaa changu nimfute machozi, na hapo akauona uvimbe. Akaweka vidole viwili shingoni mwangu, akabonyeza. Kisha akafungua kola yake, akanionyesha kovu jembamba lililokatiza shingo yote.

"Hospital," akasema. "Today. Yalla."

Hiyo yalla, yaani twende upesi, alijifunza kwangu.

Njiani madam alinieleza. Mama yake alizaliwa Hiroshima, na alikuwa na miaka sita bomu la nyuklia lilipoangushwa. Dada yake, Yoshie, alikuwa amekwenda mjini na wanafunzi wenzake. Alirudi kwa miguu, ngozi ya mikono ikining'inia, akiomba maji. Watu walikuwa wakisema kwamba aliyeungua akinywa maji anakufa, kwa hiyo mama yao akakataza. Bibi alikuwa ameshajaza kikombe, kiko mkononi. Yoshie aliomba mpaka jioni, kisha hakuomba tena. Tangu hapo, kila mwezi wa nane, Bibi humwekea glasi moja.

"Hiyo uliyomwaga," madam akasema, "ilikuwa ya Yoshie."

Nilitamani ardhi inimeze.

Hospitalini daktari alichoma sindano kwenye uvimbe akavuta majimaji ya kupima. Baada ya siku chache aliniita. "Atupele, hii ni saratani ya tezi ya shingo. Ni aina inayotibika. Lakini si rovu, na chumvi haitaiondoa." Nikafanyiwa upasuaji. Nilizinduka na mpira wa kutolea majimaji umening'inia shingoni, vidole na midomo vinachomachoma kama vina sisimizi ndani, kwa sababu madini ya kalsiamu yalikuwa yameshuka. Kwa wiki tatu nilinong'ona tu. Nikasema khalas, yameisha.

Hayakuisha. Daktari akasema kuna mabaki, na nisipoyatibu yatasambaa. Nimeze kidonge cha madini joto yenye mionzi. Nikasema hapana. Bibi alikuwa amenisimulia habari za majirani waliopona moto, kisha mionzi ya bomu ikawanyonyoa nywele, wakafa. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana, wachumba walimkimbia kwa sababu ametoka Hiroshima. Na Mwikali hakunisaidia: "Wee Atu, ukimeza hiyo kitu usikuje kulala juu yangu. Sitaki kuwaka usiku kama simu."

Nikaamua kurudi Tukuyu na mabaki yangu. Nikaenda kumuaga Bibi. Alinisikiliza, madam akitafsiri, kisha akakasirika kweli kweli.

"Mionzi ile tuliangushiwa. Hakuna aliyetuuliza. Yoshie aliamka mzima asubuhi ile. Wewe ni mgonjwa, na daktari anakuomba ruhusa akutibu. Usilinganishe." Akashika kovu lake. "Mimi nami nilikimeza kidonge hicho. Watakwambia unywe maji mengi. Kunywa!"

Nikameza. Nilikaa siku tatu peke yangu katika chumba chenye kuta nene za kuzuia mionzi. Muuguzi aliacha chakula mlangoni na kunisemesha kwa mbali. Mashavu yalivimba, mdomo ukawa na ladha ya chuma, nikatapika. Na nikanywa maji. Kila nilipoinua glasi nilimwona msichana yule akiomba, na mdogo wake amesimama na kikombe. Nililia sana mle ndani, na si kwa ajili yangu.

Siku za kujitenga zilipoisha, daktari alinipa karatasi kwamba sina hatari kwa mtu. Chumbani nikakuta wenzangu wamekitenga kikombe changu na kukifunga uzi mwekundu. Iliniuma kuliko kisu. Nikaketi kitandani, nikawasimulia habari ya Yoshie kama nilivyowasimulia ninyi. Nilipomaliza, Mwikali aliinuka, akakijaza kikombe chenye uzi, akanywa nusu, nusu akanipa. Yuko pale nyuma, anajifanya anatafuta ukurasa katika Biblia.

Leo vipimo vyangu ni safi. Kila asubuhi kabla ya chai nameza kidonge kingine, cha kufanya kazi ya tezi iliyoondolewa, na nitakimeza maisha yangu yote. Namshukuru Mungu, na namshukuru Bibi. Wapendwa, pitisheni vidole shingoni mwenu, na mkikuta kitu msikifunike kwa kitambaa. Na mgonjwa akikuomba maji, mpe.

Mwezi wa nane uliopita mikono ya Bibi ilitetemeka mno, akanikabidhi glasi. Niliijaza hadi juu, nikaiweka dirishani. "Mwite," akaniambia. Kijapani sikijui. Nikasema kwa Kiswahili, "Yoshie, maji haya hapa. Kunywa, dada."